Mafundi wa Furaha

Tarehe 20 Novemba 1969, katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio nchini Marekani, ndani ya studio ya kampuni ya santuri iliyoitwa King, mpiga ngoma mmoja mzaliwa wa Chattanooga, jina lake Clyde Stubblefield, alipiga mapigo ambayo baadaye yalizunguka dunia nzima bila ya yeye mwenyewe kuyapenda sana, wala kunufaika nayo ipasavyo. Tajiri wake, James Brown, alikuwa akiongoza wimbo mrefu usiokuwa na mengi ya kusema, na ulipokaribia ukingoni akawaamuru wanamuziki wengine wote wanyamaze, wamwachie mpiga ngoma uwanja peke yake. Wakanyamaza. Kwa muda usiotimia nusu dakika hapakusikika kitu ila ngoma kubwa ya mguu, ngoma ndogo yenye nyuzi tumboni, na matoazi. Kisha besi likarejea, na wengine wakalifuata, na wimbo ukaenda zake.

Santuri ilipotoka mwaka 1970 haikutikisa soko. Lakini miaka ya 1980 ilipokuwa ikisonga mbele, vijana wa New York waliokuwa wamepata mashine za kunakili sauti waliichomoa ile nusu dakika kutoka katika wimbo, wakaizungusha tena na tena na kuifanya msingi wa nyimbo zao wenyewe: Public Enemy waliitumia, LL Cool J aliitumia, na hata Sinéad O'Connor wa Ireland, mwaka 1990, aliitandika chini ya shairi la kale la nchi yake la kumlilia maiti. Ni miongoni mwa mapigo yaliyonakiliwa mara nyingi mno tangu mwanadamu ajue kuhifadhi sauti. Stubblefield, kwa kuwa jina lake halikuandikwa katika hati za utunzi, hakuwa na fungu katika mavuno hayo. Aliishi Madison, Wisconsin, akipiga muziki usiku wa Jumatatu katika vilabu vya mji ule, na alipopatwa na saratani ilibidi Prince, mwanamuziki aliyemheshimu, amsaidie kwa siri kulipa madeni ya hospitali. Alifariki Februari 2017.

Nimekitanguliza kisa hiki kwa sababu muziki wa soul na mwenziwe wa fanki umedhulumiwa kwa sifa. Kila mtu husema ni muziki wa furaha, na ni kweli. Ukiwa arusini, au ndani ya daladala ambayo dereva wake ni mtu wa makamo apendaye ya zamani, na tarumbeta za Memphis au besi la Detroit likapasuka ghafla kutoka katika spika, mabega hutangulia kuitika kabla akili haijaulizwa. Lakini sifa hiyo huandamana na dhana nyingine isiyo kweli, kwamba furaha hiyo ilijimwagikia yenyewe, kana kwamba walioipiga walikuwa watu wa mioyo myepesi, wasio na hesabu wala huzuni, ambao walifungua vinywa tu nayo ikatoka. Mimi naona kinyume chake. Furaha ile ilitengenezwa. Ilifanyiwa kazi kwa saa na kwa ujira, na mafundi ambao aghalabu hawakupata jina wala mali, chini ya matajiri wakali, katika nchi ambayo sheria zake zilikuwa zimewakataza baba zao kuketi penye viti vya mbele. Na nadhani hiyo ndiyo sababu haijachakaa hata leo, ilhali furaha nyingine nyingi za miaka ile ile zimekwisha ladha.

Chimbuko lake ni kanisani, na hapo ndipo ulipozuka ugomvi ambao msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa, maana nasi tuna masheikh waliokataza na masheikh walioruhusu, na baina yao wamo watu wanaopiga matari hali wakitupia jicho mlangoni. Mwezi wa Novemba 1954, huko Atlanta, Ray Charles, kipofu aliyekulia Florida, aliuchukua mwenendo wa wimbo wa dini aliousikia redioni akiwa safarini, akauvua maneno ya Mwokozi na kuuvika ya mwanamke. Wacha Mungu wengi walichukizwa, wala si ajabu, kwa kuwa mbinu zote za kanisa la watu weusi zilikuwamo: kiongozi anayeita na waumini wanaoitika, sauti inayopanda mpaka ikapasuka, makofi katika pigo la pili na la nne, na takriri ya neno moja mpaka neno lenyewe likasahaulika ikabaki hali tu. Miaka mitatu baadaye Sam Cooke, aliyekuwa kipenzi cha makanisa katika kundi la Soul Stirrers, naye akatoka kwenda kuimba ya dunia, na baada yake wakafuata wengi.

Mkubwa wa hao wote kwa sauti, na sidhani kama kuna wa kunibishia, ni Aretha Franklin. Alizaliwa Memphis mwaka 1942, akalelewa Detroit katika kanisa la New Bethel alikohubiri baba yake, C. L. Franklin, mhubiri ambaye hotuba zake ziliuzwa katika santuri kama nyimbo. Kwa miaka kadhaa kampuni kubwa ya New York ilimvika nyimbo za ukumbini ambazo hazikumkaa. Mpaka mwaka 1967, alipoanza kurekodi katika kampuni ya Atlantic, ndipo alipoachwa aketi mwenyewe kwenye piano na kuimba kama alivyoimba kanisani. Wimbo uliomtangaza ulimwenguni, ule wa kudai heshima, haukuwa wake. Ulitungwa na Otis Redding, aliyeutoa mwaka 1965 kama malalamiko ya mume arudiye nyumbani amechoka, akitaka apewe haki yake. Aretha hakuyabadili maneno mengi. Aliongeza kibwagizo cha kulitamka neno lenyewe herufi moja moja, akawaweka nduguze wa kike nyuma yake waitikie kwa kasi, na kwa hila hiyo ndogo amri ya mwanamume ikageuka kuwa hoja ya mwanamke, na baada ya muda kidogo ikawa hoja ya taifa zima la watu weusi. Redding mwenyewe alikiri kwa ucheshi kwamba wimbo ule umekwisha kuchukuliwa.

Tukae Detroit kidogo. Mwaka 1959 Berry Gordy, kijana aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari cha Lincoln-Mercury, alikopa dola 800 katika akiba ya ukoo wao, akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Motown, ndani ya nyumba ya kawaida namba 2648 katika barabara ya West Grand Boulevard. Gereji ya nyumba hiyo aliigeuza studio. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba utaratibu wake aliutoa kiwandani: kama vile chuma kitupu kiingiavyo upande mmoja na kutoka upande wa pili gari zima, ndivyo alivyotaka kijana wa mtaani aingie kwa mlango mmoja na kutoka mwimbaji kamili, amefundishwa kucheza, kuvaa, na hata kuketi mezani na wakubwa. Kila Ijumaa nyimbo za juma lile ziliwekwa mbele ya baraza na kupigiwa kura. Ule ulioshindwa ulirudishwa ukatengenezwe upya au ukatupwa. Watu wenye kupenda sanaa ya unyofu huuchukia utaratibu huu. Mimi siuchukii, kwa sababu nimezisikiliza nyimbo zilizotoka humo.

Siri ya nyumba ile, hata hivyo, haikuwa baraza wala mavazi. Ilikuwa kikosi cha wanamuziki waliojiita Funk Brothers, wengi wao wapigaji wa jazi waliookotwa katika vilabu vya usiku vya Detroit, ambao walishuka ndani ya gereji ile kila walipoitwa, mchana au alfajiri, wakapiga nyimbo kadhaa kwa siku moja na kulipwa ujira wao. The Supremes, The Temptations, Four Tops, Marvin Gaye, wote hao waliimba juu ya migongo ya watu wale wale. James Jamerson, mzaliwa wa South Carolina, alilipiga besi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, nyuzi hazibadilishi mpaka zikatike, akiamini kwamba uchafu wake ndio utamu wake. Na ukilisikiliza besi lake peke yake, ukaiacha sauti ya mwimbaji ipite, utaona kwamba halitulii mahali pamoja, linapanda na kushuka, linauliza na kujijibu, kama kwamba ndani ya wimbo ule wa mapenzi umefichwa wimbo wa pili ulio mzuri kuliko wa kwanza. Jina lake halikuchapwa katika jalada la Motown mpaka mwaka 1971, katika santuri ya Marvin Gaye ya *What's Going On*. Mwaka uliofuata kampuni ilihamia Los Angeles, na inasimuliwa kwamba baadhi ya wanamuziki walipata habari kwa tangazo lililobandikwa mlangoni. Na mwaka 1983 kampuni ilipofanya tamasha ililoliita la miaka 25, Jamerson alihudhuria, akaketi viti vya nyuma miongoni mwa watazamaji; mwezi wa Agosti mwaka huo huo akafariki.

Memphis palikuwa na tabia nyingine. Detroit walinyoosha, Memphis waliacha mikunjo. Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, wazungu wawili, mmoja karani wa benki na fidla yake, mwingine aliyewahi kuwa mwalimu, aliyeweka rehani nyumba yake ili kununua mitambo, walikodi sinema iliyokufa katika barabara ya McLemore, mtaa uliokuwa ukijaa watu weusi, na mwaka 1961 wakaipa kampuni yao jina la Stax. Sakafu ya sinema ilikuwa imeinama kuelekea penye pazia, kama zilivyo sakafu za sinema, na hawakuwa na fedha za kuisawazisha. Wakapiga muziki hivyo hivyo juu ya mteremko, katika ukumbi mkubwa wenye mwangwi. Mafundi wa sauti husema kwamba ule uzito na ule ukunguukungu unaosikika katika santuri za Stax chanzo chake ni mteremko huo. Kikosi cha nyumbani kiliitwa Booker T. & the M.G.'s: Booker T. Jones kwenye kinanda na Al Jackson kwenye ngoma, weusi. Steve Cropper kwenye gita na Duck Dunn, aliyeingia baadaye, kwenye besi, weupe. Ndani ya sinema ile walikula na kugombana na kucheka pamoja kila siku, katika mji ambamo nje ya mlango kukaa kwao meza moja hotelini kulikuwa ni kashfa.

Kuna kisa kimoja cha Stax ambacho hunifurahisha kila nikikikumbuka. Mwezi wa Mei 1965 alikuja pale Wilson Pickett kurekodi, pamoja naye Jerry Wexler wa kampuni ya Atlantic, mzungu wa makamo wa New York, mwenye elimu nyingi. Wimbo ulikuwa unakwenda vizuri lakini haukumridhisha Wexler. Akatoka katika chumba cha mitambo, akaingia ukumbini mbele ya wapigaji wale, akaanza kucheza. Alicheza mtindo uliokuwa umeingia miongoni mwa vijana, ambao mwili hukawia kidogo kabla ya kuitika pigo la pili, na akawaeleza kwamba hapo ndipo panapotakiwa pigo liangukie: si mahali pake, bali nyuma yake, kwa kiasi cha unywele. Al Jackson na Cropper walielewa mara moja. Tangu siku ile pigo la Memphis likawa ni pigo linalochelewa kwa makusudi, na kila msikilizaji, pasipo kujua kwa nini, hujikuta ameuegemea wimbo kama mtu anayemngoja mwenziwe mlangoni hali akijua kwamba hatakosa kuja.

Otis Redding alifika Stax mwaka 1962 akiwa dereva wa mwanamuziki mwingine, akaomba apewe nafasi mwishoni mwa kazi ya siku, na nafasi ile ikamtosha. Desemba 10, 1967, ndege yake ndogo ilianguka katika ziwa Monona, karibu na Madison, akafa akiwa na umri wa miaka 26, pamoja na vijana wanne wa bendi ya Bar-Kays. Mpiga tarumbeta Ben Cauley peke yake alitoka hai majini. Siku chache kabla ya ajali Redding alikuwa amerekodi wimbo wa mtu aliyeketi gatini akitazama mawimbi, nao ukatoka baada ya maziko na kupanda mpaka nafasi ya kwanza Marekani. Miezi minne baada ya ajali Martin Luther King aliuawa katika hoteli ya Lorraine, Memphis, hoteli ile ile ambamo wanamuziki wa Stax walizoea kwenda kutunga nyimbo zao, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa pahala pachache palipowaruhusu watu wa rangi mbili kukaa chumba kimoja. Kampuni ilifilisika mwaka 1975, na jengo likabomolewa mwaka 1989. Makumbusho yaliyosimama pale leo yalijengwa upya, na sakafu yake ikainamishwa kwa makusudi.

Nimefika sasa kwa James Brown mwenyewe, ambaye kwa haki ningeanza naye, lakini ni mtu anayejaza chumba, na akiingia wengine hawasikiki. Alizaliwa mwaka 1933 South Carolina katika ufukara usiosemeka, akakulia Augusta, Georgia, katika nyumba ya shangazi yake iliyokuwa ya kamari na ya wanawake wa kulipwa, akipiga rangi viatu vya askari na kuwachezea wapate kumtupia senti. Mtu huyu hakuamini bahati. Mwaka 1962, tajiri wa kampuni yake alipokataa kugharimia santuri ya onyesho la ukumbini, akisema hakuna atakayenunua nyimbo alizokwisha kuwa nazo, Brown alitoa dola 5,700 za mfukoni mwake na kurekodi usiku wa Oktoba 24 katika ukumbi wa Apollo, Harlem. Santuri ile ilikaa katika orodha ya zinazouzwa zaidi ya mwaka mzima, na redio nyingine ziliipiga yote pasipo kuikata, vilio vya wanawake na yote.

Nidhamu yake ilikuwa ya kijeshi. Mwanamuziki aliyekosa noti, au aliyechelewa, au aliyepanda jukwaani na kiatu kisichong'aa, alitozwa faini. Na kwa kuwa Brown alikuwa akicheza mbele yao hali amewapa mgongo, alionyesha kiasi cha faini kwa kukunjua vidole vyake katikati ya ngoma, watazamaji wakidhani ni madoido ya mchezo. Ukumbi mzima unashangilia, na mpiga saksafoni nyuma anahesabu dola zinazomtoka. Sijui mfano mwingine ulio bora kuliko huo wa namna furaha ya msikilizaji inavyoweza kuwa jasho la mpigaji.

Aliyoyafanya katika muziki wenyewe ni mambo mepesi kuyaeleza na mazito kuyatenda. Nyimbo za soul kabla yake, kama zile za Detroit na Memphis, ziliweka uzito wake katika pigo la pili na la nne, penye makofi ya kanisani. Yeye, kuanzia mwaka 1965 na wazi zaidi mwaka 1967 katika wimbo alioutunga pamoja na mpiga saksafoni wake Pee Wee Ellis, uliouita jasho baridi, aliuhamisha uzito huo ukaja kwenye pigo la kwanza. Pigo hilo lilikuwa amana: kila mtu alipaswa kulikuta, na akishalikuta alikuwa huru kwenda apendako madhali atarudi kwa wakati. Kisha akavipokonya vyombo kazi yake ya zamani. Gita lilikuwa la kutandika mahadhi, akaligeuza likawa la kukwaruza kwa kukata. Tarumbeta zilikuwa za kupamba, akazifanya zitoe mikato mifupi mithili ya makofi. Na mahadhi yenyewe akayapunguza mpaka wimbo ukakaa juu ya sauti moja kwa dakika nyingi bila ya kubadilika. Wajuzi wa muziki wa Ulaya waliosema kwamba huo ni umaskini walikuwa wakitafuta mali mahali isipowekwa.

Mtu aliyekulia karibu na ngoma za pwani hana haja ya mwalimu hapa. Msondo una neno lake, vumi lina lake, chapuo ina lake, na kila neno ni dogo, hata ukilisikiliza peke yake waweza kumdhania mpigaji kuwa hajui kitu; vinapokutana ndipo husikika neno la nne ambalo hapana mkono hata mmoja unaolipiga. Brown aliifanya bendi yake yote kuwa ngoma za namna hiyo, pamoja na gita, pamoja na tarumbeta, pamoja na koo lake mwenyewe. Machi 1970 wanamuziki wake wengi walipogoma kwa sababu ya ujira na kumwacha, alituma ndege ikawachukue vijana wa Cincinnati, miongoni mwao Bootsy Collins wa besi, mwenye miaka 18, aliyekuwa akipiga kama mtu asiyewahi kukemewa. Na somo lake kwa kijana huyo lilikuwa moja tu, kwamba apige mengi atakavyo, lakini pigo la kwanza ni la mwenye bendi.

Nisidhaniwe kwamba nausifu ukali kwa kuwa ulizaa matunda. Stubblefield na wenziwe walistahili zaidi ya walichopata, na Brown, ambaye aliujua umaskini kuliko wote, ndiye aliyestahili kuwakumbuka kwanza. Hata hivyo ipo siku ambayo nidhamu yake ilifanya kazi iliyowashinda wenye serikali. Aprili 5, 1968, siku moja baada ya King kuuawa, miji ya Marekani ilipokuwa ikiungua, meya wa Boston alikaribia kulifuta onyesho lake, kisha akashauriwa lionyeshwe katika televisheni ili watu wabaki majumbani. Usiku ule vijana walianza kupanda jukwaani, polisi wakasogea na virungu. Brown akawarudisha polisi nyuma, akawakaripia vijana kama baba, akawauliza kama hivyo ndivyo wanavyotaka kuonekana, nao wakashuka, na bendi ikaendelea penye pigo lile lile. Boston haikuungua.

Kwa wengine nitapita upesi. Sly Stone wa California aliunda bendi ya wanaume na wanawake, weusi na weupe, na mpiga besi wake Larry Graham akaleta mtindo wa kugonga nyuzi kwa dole gumba na kuzichomoa kwa kidole, alioubuni alipokuwa akipiga na mama yake bila ya mpiga ngoma, akitaka besi lifanye kazi mbili. George Clinton, aliyekuwa kinyozi New Jersey, alishusha jukwaani chombo cha angani mwaka 1976. Chombo hicho, kwa nakala yake ya baadaye, kipo sasa katika makumbusho ya taifa mjini Washington.

Afrika Mashariki muziki huu haukupokewa kwa mikono miwili na kila mtu. Mwezi ule ule wa Novemba 1969, Stubblefield akiwa Cincinnati na ngoma zake, wakuu wa mkoa Dar es Salaam walitangaza marufuku ya muziki wa soul. Tangu mwanzo wa mwaka huo Vijana wa TANU walikuwa wakiendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, na soul ilihesabiwa katika kundi hilo la uozo wa kigeni. Naelewa hofu ya nchi changa iliyokuwa ikijitafutia sura yake, wala sioni haki kuwacheka wazee wale kwa kicheko cha leo. Lakini walikosea mlango. Wimbo uliowaambia watu weusi waseme kwa sauti kuu kwamba wanajivunia rangi yao ulikuwa umetoka mwaka mmoja kabla, kinywani mwa James Brown, na kama kulikuwa na mgeni mmoja aliyekuja na ujumbe unaolingana na ule wa kudai heshima ya Mwafrika, ni yeye. Marufuku hayakuzuia. Mombasa ilimtoa Slim Ali na bendi ya Hodi Boys, aliyeimba soul hata mgeni akadhani ametoka ng'ambo. Nairobi ikawatoa Matata, waliohamia London. Na Dar es Salaam yenyewe ikawatoa Sunburst, ambao santuri yao ya *Ave Africa* ya mwaka 1976 ilichanganya magita ya fanki na nyimbo za Kiswahili. Septemba 1974, kwa siku tatu katika uwanja wa Kinshasa, kwa kutangulia pigano la Muhammad Ali na George Foreman lililoahirishwa, James Brown, B.B. King na Bill Withers walipanda jukwaa moja na Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley, mbele ya umati ambao haukuhitaji kufundishwa pa kupigia makofi.

Kiungo kilicho karibu nasi kuliko vyote, hata hivyo, ni kidogo na hushikwa kwa mikono miwili. Maurice White, mzaliwa wa Memphis aliyepiga muziki utotoni pamoja na Booker T. Jones, alikuwa mpiga ngoma wa kuajiriwa mjini Chicago, na huko akapata kalimba, ile aliyoitengeneza Hugh Tracey huko Afrika Kusini kwa kufuata vinanda vya vidole gumba ambavyo Washona huita mbira, Wakongo likembe, na Wagogo wetu ilimba, chombo ambacho marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma alikibeba mpaka majukwaa ya Ulaya. White alipoanzisha bendi ya Earth, Wind & Fire, alikipandisha chombo hicho jukwaani baina ya tarumbeta na magita ya umeme, na mwaka 1974 akakitungia wimbo. Katika kelele zote zile za shaba hakipotei. Kinapita juu yake kama maji juu ya mawe.

Mwaka 1978 White, pamoja na mpiga gita Al McKay na mtunzi wa maneno Allee Willis, walitunga wimbo wa mwezi wa Septemba ambao hapana shaka msomaji ameucheza, akitaka asitake. Kiitikio chake kina silabi zisizokuwa na maana yoyote katika lugha yoyote. Willis, aliyelipwa kwa ajili ya maneno, alimsihi White mara kwa mara azibadilishe, akidhani ni za kujazia tu mpaka maneno ya kweli yapatikane, na siku ya mwisho ya kurekodi akamsihi tena. White akakataa. Willis alisimulia baadaye kwamba siku ile alijifunza kutoyaacha maneno yauzuie mdundo. White alifariki mwaka 2016. Na mwaka 2018 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huo katika daftari la sauti za taifa zinazopaswa kuhifadhiwa daima, pamoja na hotuba na simfonia, na silabi zake hazijapata tafsiri.